Nani Atie Mkono Katika Bakuli la Kalunde?

Niwieni radhi mapema. Hadithi hii naisimulia vibaya, na sina dalili ya kupona. Marehemu shangazi yangu alipoisimulia, watu walitoa machozi; mimi nikiisimulia, watu hutoa udhuru. Mmoja anakumbuka hajamfunga mbuzi wake. Mwingine hana hata mbuzi, lakini anaondoka kwenda kumfunga. Basi kaeni. Mlio karibu na mlango nawaona.

Hapo zamani, kwenye nchi ya miombo kule Unyamwezi, palikuwa na mwanamke aitwaye Kalunde, na Kalunde alikuwa hali nyama.

Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa mke wa Kasanda alikula nyama kama watu, akafyonza na uboho, akajifuta kwa kiganja. Lakini Kasanda alikuwa na dume la ng'ombe, jina lake Lubala. Walizeeka pamoja, mtu na dume lake, wakikohoa pamoja asubuhi, na yapo mambo Kasanda aliyomwambia Lubala ambayo mkewe hakuyasikia kamwe. Kisha Kasanda akafa. Na desturi ya kijiji ilikuwa hii: siku ya kuondoa matanga anachinjwa ng'ombe wa marehemu, na mjane anapewa ini. Aonje yeye kwanza, ndipo watu wale. Asipoonja, hakuna anayekula.

Lubala akachinjwa. Ini likaletwa juu ya jani. Watu wameshanawa, mikono inachuruzika maji, macho yote kwa Kalunde.

"Onja, wifi," akasema Nyanzala, dada wa marehemu, mwanamke mwenye sauti kubwa na hamu ya kula kubwa zaidi. "Huzuni tunayo wote. Ila mchuzi nao unaganda."

Kalunde akalitazama lile ini. Akasema, "Huyu ndiye peke yake aliyemjua Kasanda kama nilivyomjua mimi. Nimle, nibaki na nani?"

Akaliweka chini. Na kwa uchungu, bila kushauriana na mtu, akageukia kaburi akaapa: "Nyama sili tena. Na anayekula nyama hatatia mkono katika bakuli langu, mpaka siku nitakayokufuata."

Siku hiyo kijiji kizima kilirudi nyumbani na njaa. Kijiji kinaweza kukusamehe mengi, lakini si hilo.

Hata hivyo, tuseme kweli, hawakumtupa siku hiyo hiyo. Mwanzoni walimwalika. Akienda harusini, mwenye harusi anakuna kichwa: "Huyu hali nyama. Basi mpeni kuku." Akikataa kuku: "Masikini, ana tumbo bovu. Mpeni utumbo, utumbo ni laini." Akikataa utumbo, watu wanatazamana, wanaona anawaringia. Na yeye hawezi kuwaalika kwake, maana ameapa. Mtu usiyejua umpe nini, na yeye hawezi kukupa kitu, utamwita kufanya nini? Mialiko ikapungua. Ikaisha.

Mnaujua ugali wa mtu mmoja? Hauna adabu. Ukipunguza maji unaungua, ukiongeza unapata ugali wa watu watatu. Kalunde alisonga wa watu watatu. Akauweka mkekani, akaweka kisamvu cha karanga, akaweka uyoga, akanawa, akasema, "Karibuni." Alimwambia nani, mimi sijui. Akala matonge mawili. Ng'ambo ya ua akina Nyanzala walikuwa wanagombania mfupa, wanaitana walafi, wanacheka. Kalunde akaacha kutafuna ili asikie vizuri.

Hakuutamani ule mfupa. Alitamani mtu wa kumwambia, "Wewe, mbona unachota upande wangu?"

Siku moja, kisimani, akatua mtungi akasema mbele ya wanawake wote: "Natafuta mtu wa kula naye. Awe hali nyama. Chakula changu, bakuli langu, kila siku."

"Sema tu unataka mume," akasema mmoja.

"Nikitaka mume nitasema mume. Nimesema mtu wa kula naye."

Wanawake wakacheka njia nzima, na habari ikafika kila ua. Kesho yake mchana Kalunde akasonga ugali wake wa watu watatu, na kwa mara ya kwanza walitokea watu watatu.

Wa kwanza alikuwa Kapaya, kijana mkavu kama ufito, asiye na ng'ombe wala ndugu mwenye ng'ombe. Akachuchumaa mlangoni.

"Mama Kalunde, asiyekula nyama ndiye mimi. Nitie mkono?"

"Huli tangu lini?"

"Tangu nizaliwe. Sherehe zote nafika, lakini nikifika sinia linang'aa. Mkono wangu haujawahi kugusa mnofu."

"Kwa kuwa hutaki?"

"Kwa kuwa sijapata, mama, nikudanganye ya nini? Kutaka nataka. Juzi niliota ubavu. Ubavu wenyewe ukaniuliza habari za nyumbani. Lakini wewe uliapa juu ya anayekula. Hukuapa juu ya anayeota."

"Na siku utakayopata?"

Kapaya akatazama vidole vya miguu yake. "Siku hiyo nitapita hapa kwanza, nikuage."

Kalunde akasema, "Kaa hapo pembeni." Moyoni akasema, angalau huyu angeaga.

Wa pili alikuwa Mihambo, msusi wa vikapu, mtu mpole, mwenye kuomba samahani hata akikanyagwa yeye.

"Shemeji Kalunde, asiyekula nyama ndiye mimi. Nitie mkono?"

"Wewe? Nimekuona kwenye kila karamu umepiga magoti mbele ya sinia."

"Umeniona, shemeji, lakini hukuona ninachokula. Niliwahi kumsikia ndama akimwita mama yake siku ambayo mama yake yumo chunguni. Tangu hapo vipande navisogeza ukingoni, watoto wanavinyakua, hakuna anayejua. Nachovya mchuzi tu."

"Mchuzi wa nini?"

"Wa nyama, shemeji."

"Sasa huo mchuzi umetoka mtoni?"

Kapaya akacheka pale pembeni. Mihambo akaona haya, akasema polepole, "Nikikataa na mchuzi, nitakula na nani?"

Swali hilo Kalunde mwenyewe alikuwa akijiuliza kwa miaka. "Kaa pale," akasema.

Wa tatu alipoingia, hata kuku waliokuwa uani walikimbia. Alikuwa Lugendo, mchinjaji wa kijiji.

"Kalunde," akasema, "asiyekula nyama ndiye mimi. Nitie mkono?"

Kapaya akadakia, "Mkono upi, mzee? Huo huo?"

Kalunde hakucheka. "Wewe ndiye uliyemchinja Lubala."

"Ni mimi. Na siku ile, hata ungeonja lile ini, mimi nisingekula. Tangu nishike kisu sijala nyama. Sili kuku, sichovyi mchuzi, hata kumbikumbi wakiruka nafunga mdomo. Kila ninayemchinja hunitazama. Ukishatazamwa hivyo huwezi tena kutia chumvi."

"Basi kwa nini huachi kuchinja?"

"Nikiacha mimi, atachinja mwenzangu Ndega. Na kisu cha Ndega ni butu."

Kisha wakaanza kugombana, kila mmoja na hoja yake.

"Mimi sijala, sijachovya, sijachinja," akasema Kapaya. "Kuna nini cha kujadili?"

"Wewe huli kama fisi aliyefungiwa asivyoiba," akasema Mihambo. "Ukifunguliwa tu, tutakukuta zizini. Mimi nyama iko mbele yangu, inanukia, naisogeza."

"Unaisogeza kwa mtoto," akasema Lugendo, "halafu unakunywa jasho la nyama ile ile. Mimi mdomo wangu ni safi."

"Na ng'ombe walioko chini ya kisu chako ukiwauliza, watasemaje?" akasema Mihambo.

Kalunde alikuwa amesimama na bakuli la uyoga, anawasikiliza. Na jambo la ajabu ni kwamba alikuwa anaona raha. Watu watatu wanagombana juu ya mkeka wake, wanakatizana, wanarushiana vidole, na ugali uko katikati unafuka. Angependa wasimalize.

Lakini ng'ambo ya ua palikuwa na masikio mengine. Nyanzala akapenya kwenye upenyo wa ua, akaja akasimama, mikono kiunoni.

"Hodi nimeshapita. Na mimi natia mkono."

"Wifi," akasema Kalunde, "wewe unakula mpaka kwato."

"Nakula, na kesho nitakula, wala simwambii ndama samahani. Lakini nikuulize mbele ya hawa mashahidi wako. Masika yaliyopita ulilala na homa. Nani alikuletea uji?"

"Wewe."

"Nani alikushika shingo ukanywa?"

"Wewe, wifi."

"Uji ule niliupika kwa maji gani?"

Kalunde akaliinamia bakuli lake la uyoga.

"Nilichemsha mifupa kutwa nzima," akasema Nyanzala, na sauti yake kubwa ikawa ndogo. "Ulikuwa unakufa, wifi yangu. Uji mtupu usingekuinua. Nikautia supu, nikanyamaza. Kiapo chako nilikivunja mimi. Nimekaa nalo hili tangu siku hiyo, nakuona unakula peke yako kwa ajili ya kiapo nilichokwisha kukivunja. Nilaani ukipenda, halafu tule."

Watu wote wakamtazama Kalunde. Kalunde akaliweka bakuli mkekani taratibu.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Funda la kwanza nilijua. Supu siijui mimi? Nimefyonza uboho miaka mingapi?"

"Na ukamaliza kibuyu kizima?"

"Ulikuwa umekaa," akasema Kalunde. "Tangu afe kaka yako hakuna mtu aliyekuwa amekaa ubavuni mwangu nikila. Ningesema, ungeinuka. Nikanywa polepole."

Hakuna aliyecheka, hata Kapaya. Ni Mihambo aliyesema, kwa upole wake na kwa kuomba samahani: "Basi, shemeji, kwa kiapo chako, hata wewe mwenyewe huwezi kutia mkono katika bakuli hilo."

Nanyi mmeliona bakuli, lina uyoga, lina karanga, halina hatia yoyote. Kapaya anasema: mdomo wangu na mkono wangu havijagusa, moyo haukuulizwa. Mihambo anasema: moyo wangu umekataa, na mchuzi ni wa kulinda urafiki. Lugendo anasema: mdomo wangu umekataa kila kitu, mkono unafanya kazi ili wanyama wasiteseke. Nyanzala anasema: mimi ni mla nyama wa wazi, lakini aliyekaa ni mimi. Na Kalunde, aliyeanzisha yote haya, alikunywa akijua, ili asiachwe. Mkimpa mmoja wao haki, wengine watarudi makwao. Mkisema hakuna anayestahili, watarudi wote, na Kalunde atabaki na ugali wake wa watu watatu, akisikiliza ng'ambo ya ua.

Je, katika watu hawa watano, asiyekula nyama ni nani? Na nani atie mkono katika bakuli la Kalunde?

Bishaneni, lakini msikawie. Ugali umeshaanza kupoa, na yule mama bado amesimama. Na mkitafuta aliyemsimamisha muda wote huu, msimlaumu Kapaya, msimlaumu hata mchinjaji. Hadithi ilikuwa ya matonge mawili tu, ni mimi niliyeisonga ikawa ya kijiji kizima.