Mashine ya Mkate na Mzee Stesheni

Ndugu zangu, kuna mama mmoja nataka mumfahamu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mji wa nyanda za juu, kule ambako asubuhi maji ya bomba yanauma vidole. Aliishi na mumewe, watoto wao, na baba yake mzazi, mzee mgane aliyestaafu kazi ya reli.

Mama huyu alitamani mashine ya kuokea mkate. Mnazijua? Unatia unga, maji, hamira, mafuta kidogo, unafunika, unabonyeza. Yenyewe inakanda, yenyewe inaumua, yenyewe inaoka. Unaamka nyumba nzima inanukia. Aliiona kwa mwalimu mwenzake, akarudi nyumbani hana habari nyingine.

Mumewe hakuwa mtu wa kukurupuka. "Mama watoto, vitu hivi unanunua mara moja halafu unajuta kila ukiviona kabatini. Itatusaidia nini ambacho bekari haitusaidii?"

"Mkate wa bekari ukilala tu umekauka," mama akajibu. "Halafu mfikirie baba. Kila asubuhi, na baridi ile, anapanda kilima kwenda kuununua. Na magoti yake yale! Mtu wa umri wake akae ndani, anywe chai yake kwa raha."

Hoja hiyo ya mzee ndiyo iliyomlegeza mume. "Basi tuazime kwanza. Tukiona inafaa, tununue."

Yule mwalimu mwenzake alikuwa anakwenda likizo, akawaachia yake. Mkate wa kwanza ulitoka mzito kama tofali, kumbe hamira ilikuwa ya zamani. Wa pili ukaumuka mpaka ukagusa kifuniko. Watoto waliula mtupu, bila siagi, wakagombania ukoko. Umeme nao haukuisha upesi kama mume alivyohofia. Mama akawa anaingia darasani na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Asubuhi ile ya mkate mzuri, mzee alitoka chumbani amevaa koti lake, kikapu mkononi.

"Baba, rudi ukapumzike," binti yake akamwambia kwa upendo wote. "Mkate upo."

Mzee akaitazama mashine. Akamtazama binti yake. "Haya, mama," akasema, akavua koti.

Niambieni, hapo kuna kosa gani? Mtoto anamhurumia baba yake. Nani kati yetu asingefanya hivyo?

Lakini mzee akaanza kuchelewa kuamka. Chai ikawa inapoa mbele yake. Ndevu akaacha kunyoa, yeye aliyekuwa ananyoa hata siku ya msiba. Mama akaingiwa na hofu, akampeleka hospitali. Wakapima presha, wakapima sukari, wakasikiliza kifua. Hawakuona ugonjwa. Mama akafikiri labda mkate ni mgumu kwa meno yake, akaanza kuukanda kwa maziwa ili uwe laini. Mzee alikula nusu kipande, akashukuru, akarudi kulala.

Jumamosi moja ikapigwa hodi. Alikuwa mama mwokaji wa bekari, unga mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani kukujia hivi. Mzee Stesheni yu hai?"

"Marahaba. Mzee nani?"

"Baba yako. Sisi pale tunamwita hivyo. Tanuri likifunguliwa anapiga mluzi kama anaondosha treni, ndipo watu wanapanga mstari. Yeye ndiye anayesema nani atangulie: mwenye mtoto mgongoni, mgonjwa, anayewahi kazini. Hakuna anayembishia. Sasa haji, watu wanasukumana tu. Tukaogopa amefariki na hatukuambiwa."

Kabla mama hajajibu, mlango wa chumba ukafunguliwa. Mzee alisimama pale miguu mitupu, vifungo vya shati amevikosea.

"Nani anasukumana?" akauliza.

Mwokaji alipoondoka, mama alimketisha baba yake. "Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mama? Ulisema nipumzike. Nikajua umeshaona sifai."

Ndugu zangu, mama yule alikaa chini akalia. Alikuwa amepima unga, amepima umeme, amepima ladha, na jina la baba yake alilitumia kama hoja. Hakumuuliza baba mwenyewe hata mara moja.

Mashine ilioshwa ikarudi kwa mwenyewe. Asubuhi iliyofuata mama alisimama mlangoni kwa mzee. "Baba, hatuna mkate." Mzee alikuwa ameshashuka kitandani. Alikuwa anatafuta wembe.

Sasa msiende kusema mhubiri amekataza mashine. Anayetaka anunue, aoke, atuletee na sisi. Mimi nauliza jambo jingine. Tunapomwambia mtu apumzike, tunamhurumia yeye au tunajirahisishia sisi? Bibi alikuwa anachambua mchele, tukamwambia aache, macho yake hayaoni vizuri. Mzee wa kanisa alikuwa anafungua milango Jumapili, tukampa kijana funguo, tukampigia makofi, tukamkalisha kiti cha mbele. Mama mkwe alikuwa anapika, tukaleta dada wa kazi. Kisha tunashangaa mbona wananyamaza, mbona wanadhoofika haraka, na tunawazungusha hospitali kutafuta ugonjwa ambao tumewapa wenyewe.

Sisi tunajua kuwalisha wazazi wetu. Kuwavisha tunajua, dawa tunanunua. Lakini Mungu hakumuumba mtu awe wa kulishwa tu. Mpaka pumzi ya mwisho, mtu anataka pawe na mahali ambapo asipofika, pengo lake linaonekana.

Leo ukifika nyumbani, usimpelekee mzee wako zawadi. Kaa karibu naye, umwambie kuna jambo limekushinda na unaomba akusaidie. Na ewe ndugu yangu, usimdanganye. Litafute lililokushinda kweli. Ukikosa kabisa jambo hata moja unalomhitaji mzazi wako, basi usiondoke hapa haraka. Baki, tuombe pamoja, maana hapo mwenye shida si yeye.