Waziri Asiyeulizwa

Hapo zamani, wafalme walipokuwa wengi kuliko busara zao, palikuwa na mji uitwao Mtandavu, na Sultani wake akiitwa Zuhuri. Basi siku moja sinia la dhahabu likapotea kasrini, akakamatwa mpishi, Shomvi. Shomvi akaapa kwamba Waziri Hamdani ndiye aliyemtuma alipeleke nyumbani kwake. Kadhi akasema, "Waziri asipokuja kusema alijualo, Jumapili mpishi atapelekwa kisiwa cha wafungwa miaka saba."

Waziri akaitwa. Akajibu kwa barua yenye manukato kwamba mtu wa cheo chake hasimamishwi mbele ya Kadhi kwa ajili ya wapishi. Lo! Mji mzima ukawaka. Penye kahawa watu hawakuwa na habari nyingine.

"Kinywa hicho hicho kilitoa hotuba ya saa tatu siku ya Idi," akasema kinyozi. "Leo kimepatwa na nini?"

"Kina sinia ndani," akajibu muuza kahawa, wakacheka hadi wakamwaga vikombe. Bi Mwanakheri, mkewe Shomvi, hakucheka. Yeye alikaa mlangoni pa gereza akilia.

Sultani alipopata habari za vicheko hivyo akaghadhibika, akaamuru ipigwe mbiu: "Marufuku mtu yeyote kumwuliza Waziri neno lolote! Wala Kadhi asiipokee kauli yake!"

Basi mjini palikuwa na fukara mmoja, Feruzi Kiraka, asiye na kitu ila kanzu moja na ulimi. Akamwendea Bi Mwanakheri, akamwambia, "Futa machozi, dada yangu. Sultani katupa amri nzuri mno, nasi tutaitii mpaka aikinai mwenyewe."

Akapita nyumba kwa nyumba akiwausia watu. Ikawa tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia Waziri "Hujambo?", maana hilo nalo ni swali. Muuza kahawa hakumwuliza kama atataka tangawizi, alimjazia tu. Kinyozi hakumwuliza anyoe wapi, alinyoa popote mkono ulipofika, na sharubu moja ikaenda. Waziri akatukana, na watu wakainamisha vichwa kwa adabu.

Ijumaa ikawa ndoa ya binti yake. Sultani alikuwapo, wakwe kutoka mji wa pili walikuwapo, ubani unafuka, pilau inanukia. Kadhi akakaa mkekani mbele ya Waziri, kwa kuwa desturi ni kumwuliza baba wa bibi harusi kama ametoa idhini binti yake aozwe. Kadhi akafungua kinywa, kisha akakifunga.

"Mbona huulizi?" akasema Waziri.

"Siruhusiwi, bwana."

"Basi nakupa idhini bila kuulizwa!"

"Wala kuipokea siruhusiwi," akasema Kadhi, akaziba masikio.

Baba wa bwana harusi akainuka, akatafuta viatu vyake. "Twendeni zetu, wanangu. Watu hawa wanatufanyia mzaha." Waziri akamng'ang'ania kanzu, jasho likimtoka.

"Kadhi, una wazimu?" akanguruma Sultani. "Mwulize!"

Feruzi, aliyekuwa amejikalia na Bi Mwanakheri karibu na masufuria kama wakaavyo wasioalikwa, akasimama. "Maulana, amri ni yako na muhuri ni wako. Sisi raia wako tunaiogopa."

"Basi naifuta!"

"Mungu akuzidishie, Maulana. Ila kama Waziri sasa anaulizika, kesi ya Shomvi ilitangulia."

"Iliyotangulia husikizwa kwanza," akasema Kadhi, na masikio yamekwisha kuzibuka. "Waziri, sinia li wapi?"

Waziri akamtazama mkwe wake, ambaye tayari alikuwa na kiatu kimoja mguuni. "Lipo kwangu," akasema kwa sauti ndogo. "Chini ya kitanda cha mama mkwe wangu. Mpishi nilimtuma mimi."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na kuzomea. Sultani naye akacheka, akacheka sana, akijipiga mapaja. Ndipo Bi Mwanakheri akapita katikati ya wageni, akasimama mbele yake.

"Nawe Maulana," akauliza, "ulijua?"

Kicheko kikakatika. Sultani akatazama huku na huku. Wazee wakatazama pilau, na Feruzi akatazama dari.

"Sikutaka kujua," akasema Sultani mwishowe, na uso ukamshuka.

Akaenda gerezani yeye mwenyewe, kwa miguu, akamtoa Shomvi, na watu walisimama njia nzima wakimwangalia. Mambo yalikuwa hivyo, na aliyenisimulia alikula pilau ile.