Mtoto wa Gunia la Shayiri

Anayetaka kulala alale sasa, maana nikimaliza hatapata usingizi.

Karthago, mji mkubwa wa pwani ya kaskazini ya Afrika, zamani za miungu mingi, kulikuwa na wanawake watatu majirani. Batnoam, mjane, alikuwa na macho makavu. Alimzika mumewe bila chozi, watu wakamsema mpaka wakachoka. Amatbaal alikuwa na pumzi. Akipuliza zumari ungeapa ni ndege, au ni mtu anakuita. Arishat, dobi wa makuhani, alikuwa na vidole vyepesi, na vilizoea kufanya nini sisemi.

Wagiriki wakauzingira mji. Makuhani wakatangaza kuwa mungu wao mkuu, Baal Hamoni, amekasirika, anataka watoto wa wakubwa wachomwe. Wakubwa mnawajua. Walinunua watoto wa maskini wakawavika nguo za zambarau. Tajiri Abdeshmun alimchukua Gisko, mtoto mchanga wa Batnoam, kwa gunia moja la shayiri. Batnoam alikuwa na wengine wawili nyumbani, njaa imeshawanyamazisha.

Sharti lilikuwa moja: mama asimame kando ya moto, asilie. Akitoa chozi, shayiri inarudi kwa mwenyewe na mtoto anachomwa vilevile.

Arishat ndiye aliyepeleka zile nguo. Gisko akamshika kidole, akakataa kukiachia. Basi dobi akamfungasha mwanakondoo mchanga katika zambarau, asionekane hata sikio, akamlaza Gisko chini ya nguo chafu kikapuni. Kisha akapita akiwanong'oneza wenzake kwamba mtoto yumo kikapuni.

Motoni mwanakondoo alilia kama mwanakondoo. Kuhani akageuza shingo. Hapo Amatbaal, aliyekuwa kati ya wapiga zumari wa sadaka, akapuliza, akaifuata sauti ile, akaivaa, mpaka ikawa kilio cha mtoto wa binadamu. Watu waliziba masikio.

Batnoam naye alikuwa amenong'onezwa tu. Kwa macho hakuona kitu. Alichosikia ni mtoto anaungua. Kuhani alimkazia macho usoni, yeye akautazama moto kama mtu anayengoja chungu kichemke.

Kulipokucha adui alikuwa ameondoka. Mji ukacheza ngoma.

Wale watatu wakawa wanamficha Gisko kwa zamu. Na kila nyumba alikolala, asubuhi walikuta majivu sakafuni, na juu yake alama za kwato ndogo. Zinaingia. Hazitoki. Siku ya kwanza ziliishia mlangoni. Siku ya tano zilikuwa zimefika kitandani.

Ikabidi mtoto atolewe mjini, pamoja na mama mmoja tu, kwa sababu wanawake watatu kwa mtoto mmoja ni umbea, na umbea wa Karthago ulikuwa na miguu.

"Nimemzaa mimi," Batnoam akasema.

"Na ukamla," Arishat akamjibu. "Tena kwa uji wa shayiri. Mimi nilimtoa motoni kwa mikono hii."

"Wewe dada ulijua yumo kikapuni. Mimi nilimsikia akiungua, nikasimama. Ningelia, sadaka ingeharibika, kuhani angefunua nguo, tungechomwa sote."

Amatbaal alisema polepole kwamba kila wimbo anaopuliza sasa unatoka kilio kile kile. Hana kazi tena, hana usingizi. Asipomwona Gisko akipumua, anaamini ni yeye aliyeungua.

Wakaambizana wazi kuwa atakayemchukua amezichukua na kwato. Hakuna aliyerudi nyuma.

Kwa mahakimu hawawezi kwenda. Watasema nini, kwamba wamemdanganya mungu? Basi wako hapo langoni, watatu wamekishika kikapu kimoja, hakuna anayeachia. Msafara wa punda utakaomtoa mtoto unaondoka na lango linafungwa.

Nyinyi hamna kuhani wa kumwogopa. Gisko apewe nani? Amueni upesi, punda wa kwanza ameshatoka.