Guta Lisilobonyea

Ndugu zangu, nimeona maguta mawili matatu yameegeshwa nje pale kwenye ukuta wa kanisa. Wenye nayo msihame viti, simsemi mtu wa hapa. Huyu ninayemsema ni wa kwenye mfano tu, ingawa mkimsikiliza vizuri mtamfahamu.

Kulikuwa na bwana mmoja huko juu milimani kwenye viazi. Alikuwa na guta, pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi ya mizigo nyuma, na kazi yake ilikuwa kuteremsha magunia hadi mnadani bondeni. Na magunia ya viazi ya kwetu mnayajua. Likijaa halishonwi, linavikwa kilemba, linajazwa tena. Lumbesa! Mdomoni tunasema gunia moja. Lakini ekseli, ule mtaimbo wa chuma unaoshika magurudumu ya nyuma, haina habari na maneno yetu. Yenyewe inajua uzito tu.

Basi guta likaanza kulemewa. Akipakia, springi zinabonyea mpaka bodi inakwaruza tairi na raba inanuka. Wenzake kijiweni wakapata la kusema: "Guta lako limechuchumaa kama kuku anayetaka kutaga!" Jamani, mwanamume kuchekwa kijiweni! Ilimuuma, akalipeleka kwa fundi.

Fundi akalala chini ya bodi, akapapasa huku na huku, akatoka na grisi puani.

"Bosi, unaweza kuchagua," akasema. "Nikufungie ekseli nene zaidi, ila guta litalala hapa mpaka ipatikane. Au nikuongezee mabapa ya chuma kwenye springi, jioni unaondoka nalo. Au upunguze mzigo, na hiyo haihitaji fundi."

"Weka mabapa. Lisibonyee tena."

"Lakini ekseli itabaki ileile."

"Sasa ekseli nani anaiona, fundi?"

Fundi akakuna kichwa, akatazama pembeni, akaweka mabapa.

Guta likasimama wima. Ukilipakia kutwa nzima, nyuma halishuki hata kidole. Kijiweni wakanyamaza. Na bwana wetu akafanya nini? Mnadhani alishukuru akabeba kama zamani? Aliongeza! Si halibonyei?

Siku moja ya mnada mkewe naye alikuwa na viazi vyake vya kuuza. Wakapakia vya watu, wakapakia na vya mama, naye akapanda juu kabisa ya magunia, akashika kamba. Wakaanza kuteremka mlima. Upande mmoja korongo, upande mwingine ukuta wa mawe, na nyuma yao wenzake wa kijiweni wanakuja na maguta yao.

Kona ya kwanza tu, chini ya bodi kitu kikalia. Kwi. Kwi.

"Baba watoto, unasikia?"

"Nasikia nini?"

"Kuna kitu kinalia huku chini. Simama tushushe magunia yangu, nitabaki nayo hapa, utanifuata."

Bwana alikuwa ameisikia ile kwi kwi. Lakini asimame, ashushe mzigo njiani, wenzake wampite wakicheka? Akageuza shingo akatazama springi. Zimenyooka. Moyo ukatulia.

"Tazama mwenyewe, mama. Lingekuwa limezidiwa si lingebonyea?"

Wakaendelea. Breki zikaanza kunuka. Ile kwi kwi ikawa haina kituo tena, inalia mfululizo, na mama akaacha kumwita baba watoto. Akamwita kwa jina lake, jina alilopewa na mama yake, ambalo hakuwa amelitaja tangu wapate mtoto. "Simama, nakuomba!"

"Imebaki kona moja!"

Kwenye kona hiyo alisikia ngo! Halafu akaona tairi linampita ubavuni, peke yake, linateremka mlima kwa furaha zake. Mwenzetu akawaza, hivi lile ni tairi la nani?

Lilikuwa lake. Guta lilikuwa limeshalala ubavu, na magunia yakamfuata mama alikoangukia. Wenzake wa kijiweni, walewale, ndio walioyavuta gunia kwa gunia mpaka wakampata. Alikuwa hai. Mguu wake mmoja haukuokolewa.

Fundi alipokuja hospitali kuwatazama, bwana yule alimshika mkono akalia kama mtoto. "Fundi, mbona guta halikuniambia?"

Fundi hakuweza kumtazama machoni. "Lilikuwa linakwambia kila siku, kaka. Kule kubonyea ndiko kusema kwake. Tukalinyamazisha, mimi na wewe."

Ndugu zangu, sisi tumenyamazisha mangapi? Ulipoanza ulevi, moyo ulikuchoma. Siku hizi unakuchoma? Ulipomdhulumu mdogo wako shamba la marehemu baba, ulikosa usingizi. Siku hizi unakoroma! Unasema, "Mungu amenipa amani." Hiyo si amani, ndugu yangu, hayo ni mabapa.

Tena mnaniletea mimi kazi ya yule fundi. "Mchungaji, niombee nguvu." Nguvu za kubeba nini? Mungu amekwambia shusha, wewe unamwomba mgongo mpana! Sitakuombea hiyo. Nikikuombea hiyo nitakuwa nimekuua, na si wewe peke yako.

Maana juu ya mzigo wa dhambi ya baba hapandi yeye. Yeye anashika usukani. Tusimame tuombe. Lakini kabla hujafumba macho, mtazame kwanza aliyeketi juu ya mzigo wako.