Mwalimu Aliyebonyeza Sawa

Wapendwa, kaeni vizuri. Wa nyuma sogeeni mbele, nafasi ipo. Simu zizimwe kama kawaida. Leo mfano wangu una kompyuta ndani yake, na ninyi wazee msianze kusinzia, maana mwenye kompyuta ni mzee mwenzenu.

Alikuwapo mwalimu mmoja mstaafu, wa huku huku kwetu kwenye baridi na migomba. Alifundisha Kiswahili tangu ujana wake mpaka nywele zikamwisha kichwani. Mkewe alikuwa fundi cherehani, akafariki. Walikuwa na binti mmoja, Subilaga, anayefanya kazi za kompyuta huko Iringa. Binti alikuja msibani, na baada ya mazishi akaona baba yake hana wa kukaa naye ila redio. Akampa kompyuta yake ya zamani. Aliiwekea mfumo huria, ule ambao watu wa nchi mbalimbali wanautengeneza kwa kushirikiana na kumwachia kila mtu autumie bure, akaupanga uandike kwa Kiswahili ili mzee asihangaike.

Kisha akachomeka flashi yake, kale kadude kadogo ka kuhifadhia vitu. Humo mlikuwa na picha nzuri ya mama yake kuliko zote: mama amekaa kwenye cherehani, futi ya kupimia shingoni, anacheka. Akaiweka iwe ile picha inayokaa nyuma ya kila kitu, unayoiona ukiwasha tu. Mwalimu alipoiona alilia waziwazi, na tangu hapo kila asubuhi aliiwasha kompyuta kabla hata ya kupiga mswaki.

Ikafika siku ya kuanua matanga. Mnajua ilivyo kwetu, mashangazi wanakaa, vitu vya marehemu vinagawanywa. Subilaga aliomba kimoja tu, cherehani, kwa sababu alikulia chini ya meza yake akiokota vipande vya vitambaa. Shangazi mkubwa akasema haiwezekani, binti ataolewa na mali ya ukoo itaondoka naye. Binti akamgeukia baba yake.

"Baba, na wewe unasemaje?"

Mwalimu akatazama kikombe chake cha chai. Mtu aliyesema mbele ya madarasa maisha yake yote, siku hiyo akakosa neno. Alimwogopa dada yake, basi. Cherehani ikabebwa. Binti naye akachomoa flashi yake, akafungasha, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake mwalimu akawasha kompyuta. Kioo cheusi tii!

Vitu vingine vyote vilikuwapo. Barua zake zipo, nyimbo zake za kwaya zipo, ila mke hayupo. Mwalimu akazima, akawasha. Cheusi. Akaingia kule kwenye mipangilio, akabadilisha rangi. Akajaribu picha ya mlima iliyokuja na ule mfumo, mlima ukatokea bila shida yoyote. Nanyi mkumbuke hapo, wapendwa: mlima ulitokea. Kompyuta haikuwa mgonjwa.

Na kilichomtesa zaidi ni hiki. Kwenye dirisha la kuchagulia picha, mkewe alikuwapo, kadogo kama stempu, anacheka vilevile. Mwalimu anamwona kabisa! Anambonyeza, kioo kinakuwa cheusi, na katikati kinatokea kisanduku chenye maneno, chini yake kitufe kimeandikwa Sawa. Mwalimu anabonyeza Sawa haraka haraka, kama mtu anayefukuza nzi, kisha anaanza upya.

Akaomba msaada kwenye kundi la wastaafu la simu. Ee, huko nako! Mmoja akamwambia cha bure ndivyo kilivyo. Mwingine akasema ni kirusi. Mwingine akamshauri apakue matoleo mapya, na kwa mtandao wetu huu ilichukua siku nzima, na ilipokwisha kioo kilikuwa cheusi kile kile, ila kipya. Mnacheka? Ngojeni.

Akampigia fundi wa mjini. Fundi akasema atakuja Jumamosi kufuta kila kitu na kuweka mfumo mwingine. Akamtahadharisha kwamba vilivyomo vyote vitaondoka, hata hicho kipicha kidogo. Mwalimu akakubali, lakini moyo ulimuuma, maana kwa jinsi alivyojua yeye, hiyo ndiyo picha ya mkewe akicheka iliyobaki duniani.

Jumamosi asubuhi, fundi akiwa njiani, mwalimu akakaa kumuaga mkewe. Akambonyeza mara ya mwisho. Kioo kikawa cheusi, kisanduku kikatokea, na safari hii machozi yalikuwa yamemjaa, mkono haukufika kwenye kitufe. Kisanduku kikabaki pale. Mwalimu akafuta miwani, na kwa mara ya kwanza akasoma. Kimeandikwa hivi: Picha haipatikani. Imehifadhiwa kwenye kifaa kiitwacho SUBILAGA. Kifaa hicho hakijachomekwa.

Ndivyo binti alivyoiita flashi yake, kwa jina lake. Picha haikuwahi kuhamia ndani ya kompyuta hata siku moja. Kompyuta ilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya mahali ilipo, na kale kastempu. Na ilikuwa ikimwambia hivyo kila siku, kwa lugha aliyoifundisha yeye mwenyewe.

Mwalimu akachukua simu. Binti alipokea, akamwamkia kwa heshima zote, lakini sauti ilikuwa baridi. Baba akamuuliza kama ile picha ya mama anayo.

"Ninayo, Baba. Nitakutumia sasa hivi." Kisha akauliza, "Ni hilo tu ulilonipigia?"

Hapo mwalimu angeweza kusema ndiyo. Picha angeipata, kioo kingepona, na kila mtu angebaki alipo. Akaangalia kule kwenye kona ilipokuwa cherehani.

"Hapana, mwanangu. Siku ile uliniuliza nasemaje, nikanyamaza. Nasema cherehani ni yako. Leo hii naenda kwa shangazi yako kuichukua mwenyewe."

Fundi alipofika alikuta mlango umefungwa. Mwalimu alikuwa kwa dada yake, na huko, nasikia, sauti ya darasani ilirudi.

Sasa sisi. Ndugu zangu, sisi ni mara ngapi tumekaa mbele ya kioo cheusi? Sala hazina ladha, nyumba imepoa, usingizi hauji vizuri. Tunafanya nini? Tunabadilisha rangi. Tunahama kwaya. Tunamlaumu mchungaji, na mimi nimezoea. Tunasema labda jirani ametutupia jambo. Wengine tuko tayari kufuta kila kitu, hata imani yenyewe, tuanze na nyingine.

Na siku zote Mungu anatuandikia katikati ya kioo, kwa lugha tunayoijua, jina la mtu. Kuna mtu amechomoka, na wewe ulikuwapo alipochomoka, ukatazama chai yako. Sisi tunabonyeza Sawa.

Wewe hapo, jina hilo limeshakujia wakati naongea. Nimeona unavyoinamisha kichwa. Umeanza kutafuta kitufe, usikibonyeze.

Nilisema simu zizimwe. Nimebadili mawazo. Kwaya wataimba wimbo mmoja mrefu, na mlango wa pembeni uko wazi. Anayetaka kutoka nje akapige, atoke.