Siku Nguchiro Alipomshukuru Simba

Hapo zamani za kale, wakati Kiboko bado anaishi nchi kavu na kila mtu anamwamkia kwa heshima, palikuwa na Nguchiro, mama mjane. Sogeeni karibu. Hadithi hii hunipandisha hasira kila nikiisimulia, kwa hiyo mkiniona nafoka msiogope, sifoki kwenu.

Asubuhi moja Bweha mwenye kichaa alipita kijijini, mate yakimdondoka. Akamkuta Subira, binti wa Nguchiro, anachota maji kisimani. Ngwamu! Akamng'ata shavuni, akaenda zake.

Nguchiro hakupoteza muda kulia. Akaliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, akasugua huku mtoto anapiga kelele, kisha akambeba mgongoni, mbio mpaka kwa Kiboko. Dawa ya kichaa alikuwa nayo yeye tu, ndani ya vibuyu vilivyofungwa kitambaa chekundu. Na dawa hiyo sharti iingie mwilini kabla kichaa hakijapanda kichwani. Kikishapanda, basi tena.

"Hodi, Bwana Mganga! Mwanangu kang'atwa!"

"Pole," alisema Kiboko, akichokoa meno. "Ghala moja la mtama, lijae mpaka juu."

"Ghala! Mimi nina pakacha moja tu. Pokea hilo, tafadhali, mtama mwingine nitakulimia."

"Mama we, hii ni damu ya Simba! Damu ya mfalme! Unadhani Simba anatolewa damu kila siku? Hii ni adimu. Nenda kakope."

"Mwaka jana uliniambia hivyohivyo, na mwanangu Riziki akafa."

"Basi safari hii ungekuja na ghala."

Pa! Akafunga mlango.

Jamani! Maneno hayo anaambiwa mama aliyebeba mtoto anayetoka damu! Nguchiro akaenda moja kwa moja kwa rafiki yake Farasi, kukopa mtama.

Farasi alikuwa zizini anatafuna majani. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaacha kutafuna.

"Shoga, mtama wa nini? Dawa ya kichaa si inatolewa bure?"

"Bure? Nani kakwambia?"

"Kiboko mwenyewe! Mwaka wa tatu huu ananichoma sumu ya kichaa, ile iliyokwisha kufishwa makali, kidogokidogo, mpaka damu yangu ikajua kupigana nayo. Kisha kila mwezi ananitoa damu hapa shingoni. Ona makovu. Aliniambia, 'Farasi, mwili wako mkubwa, damu unayo tele, wape watoto wa kijiji sadaka.' Ananiletea debe la pumba, basi."

Nguchiro aliyatazama yale makovu. "Na vibuyu vya kitambaa chekundu?"

"Ni vya damu yangu hivyo!"

Wakatazamana. Weee! Farasi akapiga kwato chini, vumbi tifu. "Twende! Namvunja mbavu sasa hivi!"

"Ngoja. Ukimvunja mbavu nani atatupa dawa? Huwezi kunipa damu yako hapa hapa?"

"Ningekupa, shoga, lakini damu mbichi si dawa. Huachwa itulie, yakachukuliwa maji yake ya juu, yakasafishwa. Iliyo tayari kaifungia kwake."

Nguchiro alifikiri kidogo. "Leo Simba anakaa baraza. Kiboko atafungua mlango mwenyewe. Wewe njoo, simama nyuma, na usiseme neno."

Barazani kijiji kizima kilikuwepo, Kiboko kakaa mbele na tumbo lake. Nguchiro akaingia na Subira mgongoni, akapiga vigelegele.

"Alililililiii! Njooni tumshukuru mfalme wetu!"

Simba akavimba kwa furaha. "Mnanishukuru kwa lipi?"

"Kwa damu yako, Mtukufu! Kila mwezi Bwana Kiboko anakutoboa shingo, anajaza vibuyu, watoto wanapona. Watoto wa wenye maghala, lakini. Ama kweli wewe ni mvumilivu! Kiboko anakushika shingo, wewe hata hufurukuti!"

Baraza zima likageuka kumtazama Simba.

"Nani anatobolewa shingo?" Simba aliuliza polepole.

"Si wewe? Bwana Mganga, hebu njoo umkumbushe. Au huwa unamtoboa akiwa amelala?"

Simba akasimama, manywele yote wima. "Nguruuum! Kiboko! Umeingia kwangu nimelala, ukanishika shingo? Mimi?"

"La, la, bwana wangu!" Jasho lilimtoka Kiboko mpaka kwenye masikio. "Wallahi sijakugusa hata unywele!"

"Haya," alisema Nguchiro, "kama si ya Simba, ile damu ni ya nani? Sema."

Kiboko akamtazama Simba, akayaona yale meno.

"Ya Farasi! Ni ya Farasi yote, tangu mwanzo! Kitambaa naweka mimi tu, ili ionekane ya kifalme!"

Loo! Kelele zilizozuka hapo! Nyati analilia ghala lake, Swala anamlilia mumewe aliyekufa bila dawa, wengine wanazomea, "Zii! Zii!"

Nguchiro hakucheka. "Fungua mlango," alisema.

Wakaongozana wote mpaka kwa Kiboko, akafungua. Akamdunga Subira kwa mwiba wa nungunungu, palepale penye jeraha, upesiupesi, kwa maana Farasi alikuwa nyuma yake na kwato juu. Subira akapiga yowe moja tu. Akapona. Vibuyu vyote vikatolewa nje, kitambaa chekundu kikatupwa, Kiboko akalazimishwa kueleza dawa inavyosafishwa, na tangu siku hiyo kila aliyeng'atwa alipewa bure, naye Farasi akawa analetewa majani mabichi na kila nyumba.

Lakini kabla watu hawajatawanyika, Nguchiro alimsogelea Kiboko, akasimama chini ya kidevu chake.

"Siku ile nilipokuja na Riziki wangu, vibuyu vilikuwa vingapi humo ndani?"

Kiboko aliinamisha kichwa.

"Nakuuliza. Vingapi?"

"Tisa," alisema Kiboko. "Vimejaa."

Farasi hakungoja zaidi. Alimgeuzia mgongo, akarusha teke, pu! Kiboko akabingirika mteremko wote mpaka mtoni, chubwi! Hajarudi kijijini hadi leo. Mchana kutwa anajizamisha majini, ametoa pua tu, na akisikia sauti ya mama yeyote ukingoni, hata pua anaificha. Anaogopa kuulizwa tena.

Funzo lake ni hili: anayeficha dawa ili aiuze ghali, naye ni muuaji.