Kwa Nini Hakuna Asemaye Amina Katika Ukumbi wa Mafundi

Enzi hizo Nairobi ilikuwa bado ikiota, ukungu ukishuka hadi vizingitini, na ule ukumbi wa mawe wa mtaa wa Gathanji ulikuwa kanisa la Kipresbiteri. Mawe yake yalitoka mtoni kwa migongo ya akina mama. Wanaume walikuwepo pia, naam. Walikuwa wakielekeza.

Miaka ikapita. Waumini wakajijengea kanisa kubwa mlimani, na baraza la wazee likapatana na tajiri aliyetaka kulibomoa lile la zamani apate pa kuegeshea magari. Nani aliwauliza akina mama, ambao sasa walishona nguo humo na kulisha watoto wao? Hakuna. Wangezikuta tu cherehani zao barabarani.

Basi siku ya kuidhinisha mauzo, Nyakio, aliyebeba mawe hayo akiwa msichana, akaingia kikaoni. Mzee Gathuri, mwenyekiti, akatabasamu.

"Mama, maadamu umekuja, tufungulie kwa maombi. Kisha utuachie kazi."

Na kwao, kikao hakikuanza bila maombi, wala anayeomba hakukatizwa.

Nyakio akafumba macho. Akashukuru kwa jiwe la kwanza na mgongo uliolibeba. Akashukuru kwa lililofuata, na lililofuata. Sauti ikatiririka, wazee wakahisi maji baridi vifundoni. Wakawaona mama zao wangali wasichana, wakipanda kutoka mtoni, kamba za mizigo zimewakaza kwenye vipaji vya nyuso. Mwanga ukahama dirisha hadi dirisha.

"Mama, malizia basi," Gathuri akanong'ona.

"Bwana, umsamehe Gathuri na haraka zake," Nyakio akaomba. "Bado tuko ukuta wa kwanza."

Tajiri, aliyekuja kutia sahihi, akasinzia, akaamka, akaondoka zake. Jua lilipofifia, Nyakio akanyamaza, akajifunga leso, akatoka. Amina hakuisema.

Wazee wakabaki wameinamisha vichwa. Wangefunguaje kikao, na maombi hayajafungwa? Wangeuzaje bila kikao? Na nani angethubutu kuimalizia sala ya mwingine?

Na tangu siku hiyo, ukipita pale utasikia cherehani zikinguruma na wanawake wakiimba, lakini Amina hutaisikia, isije ikaifunga sala ya Nyakio. Fundi akiletewa chakula cha mchana, hushukuru akiwa ameketi, kisha huinuka, hutoka hadi kando ya barabara, huisemea Amina huko nje katikati ya honi za magari, ndipo arudi kula.